Njaa ya Saa Tisa

Binti yangu alikuwa amekaa kitandani kwangu akikunja nguo zilizotoka kwenye kamba. Akafika kwenye gauni langu la kijani, akaligeuza ndani nje. Hakuwa anatafuta kitu. Mtoto aliyekulia chini ya meza ya cherehani hugeuza nguo kama vile mtu mwingine anavyonusa maziwa kabla ya kunywa, mkono tu umezoea. Akapitisha kidole ubavuni, akakirudisha, kisha akaliinua gauni kuelekea dirishani penye mwanga.

"Mama, gauni hili umelipunguza mara ngapi?"

"Lilikuwa pana."

"Halikuwa pana. Ulilishona mwenyewe kwa harusi ya kaka, nami ndiye niliyekupima." Akaniwekea gauni mapajani. "Tazama. Mshono ndani ya mshono. Hapa umeingiza, hapa ukaingiza tena, hapa tena. La maua vilevile. Mama, unakonda, halafu nguo unazifunga mdomo."

Sikuwa nafanya siri. Mimi ni fundi cherehani tangu nikiwa msichana, na nguo inayonipwaya siwezi kutoka nayo barabarani. Wateja watasema nini? Nikiona kiuno kinacheza, naingiza kidogo ubavuni, napiga pasi, basi. Ndivyo nilivyofanya, tena na tena, bila kufikiri. Kwa hiyo nguo zangu zilinikaa vizuri siku zote, na hakuna aliyeona kwamba ndani yake mwanamke anapungua. Hata mimi kwenye kioo nilikuwa naona gauni limekaa sawa.

"Hamu ya kula huna?" akaniuliza.

"Nakula."

"Unakula nini? Mchana nimekuona. Umeuzungusha wali kwenye sahani kama mtu anayetafuta pete."

Kweli hamu ilikuwa imenipungua, polepole, mpaka nikadhani ndiyo uzee wenyewe.

Binti yangu hapandishi sauti. Akisema jambo zito, husema kama anayekutajia saa. Akaendelea kukunja nguo, akasema, "Nitarudi mwisho wa mwezi ujao. Nikikuta hali ni hii hii, nakuchukua ukakae kwangu."

"Cherehani nitaiweka wapi?"

"Mama, mimi naongelea mwili wako."

"Na mimi naulizia cherehani yangu."

Kwake nimewahi kukaa wiki mbili. Ni ghorofani, pasafi, na wajukuu wananipenda. Lakini asubuhi kila mtu anaondoka na ufunguo wake, na jirani hukusalimia huku anafunga mlango. Ukichungulia dirishani unaona ukuta wa jengo la pili. Hapa nyumbani, nyumba niliyojenga na marehemu, cherehani yangu iko chumba cha mbele chini ya dirisha, na barabara nzima inapita mbele ya sindano yangu. Mtu akipita na mfuko wa kitambaa nimeshajua kama anakuja kwangu au anakwenda kwa yule fundi wa kona. Kunitoa pale ni sawa na kunifundisha kutembea upya.

Mkwe wangu, mke wa mwanangu wa kwanza, alikuwa amesimama mlangoni na beseni. Alikuwa amesikia yote.

"Wifi," akasema, "kwa hiyo mimi simlishi mama."

"Sijasema hivyo."

"Hujasema. Ila hilo gauni umelishika kama polisi aliyekamata ushahidi."

Binti yangu akacheka kidogo, lakini mkwe wangu hakucheka. Yule ni mwanamke wa maneno machache na mikono mingi. Anapika asubuhi, tunakula saa sita kamili, anaosha vyombo, na ikifika saa saba yuko saluni kwake mtaa wa pili, anasuka vichwa vya watu mpaka jioni. Chakula kinachobaki hukitia kwenye hotipoti akawapelekea wasichana wanaomsaidia kazi. Jikoni kwake hakibaki kitu cha kulala. Sufuria huzipindua juu ya rafu, zinang'aa utadhani za dukani.

Kesho yake akanipeleka zahanati mwenyewe. Muuguzi akanipima uzito, akanitoa damu, akanitazama mdomoni, akanibonyeza tumbo. Majibu yakatoka, ugonjwa hakuna.

"Bibi," akasema, "katika umri wako misuli inapungua na njaa nayo inapungua, na wala havipigi kelele. Ukikaa tu kwenye kiti vinapungua zaidi. Kuna mazoezi ya akina mama wazee hapo ukumbini nyuma. Jumatatu, Jumatano na Jumamosi asubuhi. Nenda."

Mkwe wangu akauliza, "Yatamrudishia hamu ya kula?"

"Wengi wanasaidika," muuguzi akasema, akaita mtu mwingine.

Tulipofika nyumbani yale maneno yalikuwa yameshabadilika. Mkwe wangu alimwambia mumewe, nami nasikia, "Mama atafanya mazoezi, atapata njaa, atakula. Muuguzi amesema." Mwanangu ni seremala, mambo kwake ni kipimo na msumari. Akaitikia kwa kichwa, likapita.

Ukumbi wenyewe ni wa sakafu ya saruji, una viti vya plastiki na pembeni kuna sanduku la chupa za maji zilizojazwa mchanga. Mwalimu ni binti mdogo aliyesomea mambo ya viungo. Tulimwita Kocha, naye akaitika. Siku ya kwanza nilikaa kati ya wanawake wawili niliokuwa nawafahamu kwa sura. Mmoja alikuwa mpishi wa shule mpaka alipostaafu, mwanamke mpana, bado anaitwa Mpishi. Wa pili anaitwa Redio, na ukikaa naye kidogo hutauliza kwa nini.

"Inuka bila kushika kiti," Kocha akasema. "Kaa taratibu. Inuka. Kaa."

"Mimi nikiinuka nataka nijue nakwenda wapi," Mpishi akasema. "Hii ya kuinuka na kurudi palepale ni kama foleni ya ofisini."

"Shangazi, miguu yako inajua inakokwenda."

"Inajua. Inakwenda kukaa."

Tuliinua chupa za mchanga, tukasukuma ukuta kwa mikono, tukauzunguka ukumbi huku Redio akitupa habari za mtaa mzima bila kukata pumzi. Mwishoni mapaja yalinitetemeka, lakini nilitoka na mwili mwepesi. Pale pale mlangoni Redio akafungua mkoba, akatoa mkate uliopakwa siagi, akaanza kula amesimama.

"Nikimaliza tu, njaa inanishika kama mwizi," akasema. "Nyinyi je?"

"Mimi sijaona tofauti," Mpishi akasema. "Nilikuwa na njaa kabla sijaja, nitakuwa nayo nikirudi."

Mimi sikuwa na njaa hata chembe. Nilitaka maji tu.

Nyumbani nikakuta meza imeandaliwa. Mkwe wangu alikuwa amepika wali, maharage na kuku, akanijazia sahani ambayo fundi wa ujenzi angeiogopa. Akasimama pembeni amefunga mikono.

"Karibu, mama. Leo umefanya kazi."

Nikaketi. Jasho lilikuwa bado shingoni. Harufu ya kuku niliisikia, na ilikuwa nzuri, lakini ilikuwa kama harufu ya jikoni kwa jirani, chakula cha watu wengine. Sikusikia kichefuchefu. Tumbo lilikuwa limenyamaza tu, kama mtoto aliyeitwa akajifanya hasikii. Nikala vijiko vichache, nikanywa maji, nikaomba radhi.

Jumatano ikawa vilevile. Jumamosi nayo vilevile. Siku za mazoezi nikawa nakula kidogo kuliko hata siku za kukaa. Mkwe wangu akabadilisha mapishi. Akaleta samaki, akaleta viazi, akaleta mayai ya kukaanga na vitunguu. Sahani ikirudi nusu, anaitazama, anaitia kwenye hotipoti, anaondoka. Wasichana wa saluni wakanenepa kwa mazoezi yangu.

Kilichonishangaza ni hiki. Ikifika saa tisa hivi, nimekaa kwenye cherehani, nyumba kimya, mwanangu karakana, mkwe wangu saluni, njaa inakuja. Inakuja kama mteja asiye na miadi, anaingia moja kwa moja na kukaa. Na si njaa ya ndizi wala ya chai. Ni njaa ya chakula kabisa, ile niliyokuwa nayo nikiwa na watoto wadogo. Siku moja tumbo lilinguruma mbele ya mteja niliyekuwa nampima mabega, akageuka akatazama chini ya meza. Alidhani kuna paka.

Nikaenda jikoni, nikakuta sufuria zimepinduliwa juu ya rafu. Nikala ndizi, nikanywa chai, nikarudi kwenye kazi, mikono haina nguvu.

Mtu ataniuliza, si ungepika? Au si ungesema uachiwe? Hapo kuna jambo lazima nilieleze. Mimi nilipoolewa, mama mkwe wangu alikuwa haachi sufuria yangu ipumzike. Nikiteleka, anafunua. Anaonja, anaongeza chumvi, anafunika, anaondoka. Siku nyingine anarudi na maji. Nililia sana juu ya lile jiko. Kwa hiyo mwanangu alipooa, nilimwita mkewe siku ile ile, nikamkabidhi jiko mbele ya mumewe, nikamwambia, "Hapa ni pako. Sitafunua sufuria yako wala sitakuuliza umepika nini." Na sikuwahi kufunua. Hata nikiwa peke yangu na kitu kinachemka, nitapunguza moto lakini kifuniko sigusi. Niliona hiyo ndiyo heshima kubwa niliyoweza kumpa. Sasa nimwambie vipi kwamba saa yake ya chakula hainifai?

Basi Mpishi akataka gauni. Nikaenda kwake kumpima, siku ya mazoezi, mchana saa tisa. Mpishi anapika kama vile shule bado ipo. Sufuria yake ingetosha darasa zima. Nilikuwa nina utepe wa kupimia mkononi, naye akanitazama usoni akasema, "Fundi, wewe una njaa. Mimi njaa za watoto nimezisoma maisha yangu yote."

"Kidogo."

"Kidogo gani. Kaa chini."

Nikala wali na maharage sahani nzima. Nikaomba tena kidogo, nikala. Gauni nikalipima baada ya hapo. Siku iliyofuata ya mazoezi nikarudi kulijaribisha, nikala tena. Halafu nikarudi kwa ajili ya mikono ya gauni, halafu kwa ajili ya pindo. Hakuna gauni katika maisha yangu lililojaribishwa mara nyingi kama lile.

"Hili gauni likiisha utakuja na sababu gani?" Mpishi akaniuliza.

"Utahitaji sketi."

Jioni nyumbani nilikuwa nakula vizuri kiasi, kwa sababu mtu aliyekula mchana akashiba, hata jioni mdomo unakumbuka. Nilidhani mambo yanakwenda sawa. Nilimsahau Redio.

Redio alikwenda saluni kusuka. Amekaa kwenye kiti, kichwa mikononi mwa mkwe wangu, wasichana wote wanasikia, akasema, "Mama mkwe wako siku hizi anakula, Mungu ashukuriwe. Juzi kwa Mpishi kamaliza sahani, kaomba tena."

Mkwe wangu alimaliza kile kichwa, akarudi nyumbani, akapika, akatupakulia. Mimi nilipewa sahani iliyofunikwa kwa sahani nyingine, kama anavyopewa mgeni. Niliona, lakini sikujua ni ya nini.

Asubuhi mwanangu alikuja akakaa kwenye kiti cha wateja, ana vumbi la mbao kwenye nyusi.

"Mama, mke wangu amempigia wifi yake simu."

"Kuna nini?"

"Amemwambia aje akuchukue. Amesema chakula chake hakikufai, unakwenda kula kwa watu, na yeye hawezi kuendelea kuwa kichekesho pale saluni." Akasugua nyusi. "Dada anakuja Jumamosi. Hasubiri mwisho wa mwezi."

"Wewe umesema nini?"

"Mimi nimesema nitengeneze nini hapa? Mama ni wangu na mke ni wangu. Nikakosa pa kushika."

Hiyo ilikuwa Jumatano. Nikaenda mazoezini. Tulipomaliza nikabaki nyuma, nikamsaidia Kocha kurudisha chupa sandukuni.

"Kocha, tulivyoambiwa ni kwamba mazoezi yanaleta njaa. Mimi yananiondolea. Inakuja baadaye, watu wameshaosha vyombo."

Akaweka chupa chini. "Nani alikuambia itakuja papo hapo?"

"Tulijiambia wenyewe."

"Bibi, wanawake wa umri wenu hawafanani kwenye jambo hili. Rafiki yako Redio anakula akiwa bado mlangoni. Shangazi Mpishi haoni tofauti. Wewe njaa yako hukaa pembeni kwanza, mwili ukitulia ndipo inarudi. Wako wengi wa namna hiyo. Na kuna siku haitarudi kabisa."

"Siku hiyo nifanye nini?"

"Ule hivyo hivyo kwa saa yake, hata kidogo, lakini chakula chenye nguvu. Yai, maharage, samaki. Njaa ya uzeeni si saa ya kutegemea, inasimama ovyo. Na mazoezi usiyaache. Hayapo kwa ajili ya kuita chakula. Yapo ili chakula kikishaingia, kiende miguuni."

"Ungekuja kumweleza mkwe wangu?"

Akafunga sanduku, akacheka. "Hilo ni lako, bibi. Mimi nafundisha kuinuka na kukaa."

Jumamosi nilirudi kutoka ukumbini nikamkuta binti yangu ameshafika. Begi lake kubwa lilikuwa sakafuni karibu na cherehani, na kwa jinsi lilivyolala nilijua ni tupu. Meza ilikuwa imeandaliwa. Mkwe wangu alinijazia sahani, akaisukuma mbele yangu, safari hii akakaa, akanitazama.

"Kula, mama. Au nimwite Mpishi aje akulishe?"

"Wifi, taratibu," binti yangu akasema.

"Taratibu gani? Nimepika kuku, nimepika samaki, nimepika mayai. Hagusi. Anatoka anakwenda kwa watu, anamaliza sahani, anaomba tena. Mama, niambie mbele ya mwanao, kwa Mpishi kuna nini ambacho kwangu hakuna?"

"Kuna saa tisa," nikasema.

Wote wawili wakanitazama.

"Nikitoka mazoezini sina njaa. Kula siwezi, hata upike nini. Njaa inanijia saa tisa. Saa tisa hapa hakuna mtu wala hakuna chakula, na kwa Mpishi kipo. Sahani hii hii ukinipa saa tisa nitaimaliza, na itakuwa tamu kuliko ya Mpishi, kwa sababu yeye anapikia shule. Maharage yake hayana hata kitunguu."

Mkwe wangu akakunja uso. "Kwa nini hukuniambia nikuachie?"

"Nilikuahidi sitaingilia jiko lako. Sufuria yako sijawahi kufunua."

Akachezea ncha ya leso. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Najua hujawahi. Unafikiri sijaona? Miaka yote hii. Wenzangu mama wakwe zao wanaingia, wanaonja, wanasema chumvi imezidi, wanagombana, wanacheka. Wewe unapita jikoni kwangu kama mtu anayepita mbele ya duka ambalo hanunui kitu. Mimi nilijua zamani kwamba hupendi ninavyopika, ila una adabu. Redio aliposema yale, nikasema basi, imethibitika."

Nilikuwa nimempa kitu ambacho mimi nilikililia nikiwa bibi arusi, na yeye alikipokea kama mlango uliofungwa.

Nikamweleza habari za mama mkwe wangu na chumvi yake. Sijui kwa nini sikuwahi kumweleza kabla. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Angekuwa yu hai ningempa kiti jikoni."

"Usingempa. Ungemficha mwiko."

Binti yangu alikuwa ametulia anatusikiliza, mkono kidevuni. "Haya ni mazuri," akasema. "Lakini mimi nimekuja na begi, na gauni bado lina mishono mingi. Hiyo saa tisa nataka niione kwa macho yangu."

Sahani yangu ikarudishwa kwenye sufuria, ikafunikwa. Mkwe wangu akapiga simu saluni akasema atachelewa. Tukangoja. Sijawahi kuona watu wazima wakikaa kungojea njaa ya mtu kama wanaongojea basi. Ikafika saa nane na nusu, binti yangu akanitazama tumboni.

"Imefika?"

"Bado."

Saa tisa ikagonga.

"Sasa je?"

"Mkinitazama hivyo haiji. Hata ningekuwa mimi ndiye njaa, nisingeingia kwenye chumba hiki."

Nilianza kuogopa. Kocha alisema kuna siku hairudi kabisa, na kama ilichagua siku, ilichagua vibaya. Nikainuka, bila kushika kiti, nikaenda kwenye cherehani, nikaendelea na sketi ya Mpishi. Nikashona ubavu mmoja, nikageuza kitambaa, nikaanza wa pili. Barabarani alipita muuza mboga, akanisalimia, nikaitika. Begi lilikuwa pale pale miguuni. Nikakanyaga pedeli. Na katikati ya ule mshono wa pili, tumbo likanguruma.

Sikumwita mtu. Nilikata uzi, nikaenda jikoni. Sufuria ilikuwa juu ya jiko, kifuniko chake kina kishikio cha mbao alichokitengeneza mwanangu. Nikakishika, nikafunua. Mvuke kidogo ukanipiga usoni, na safari hii harufu ya kuku ilikuwa ya kwangu. Nikachukua kijiko, nikaonja mchuzi nimesimama.

Nyuma yangu mkwe wangu alikuwa mlangoni. Sikumsikia akija.

"Chumvi?" akauliza.

Nikafikiri kidogo. "Imepungua."

Akacheka mpaka akashika fremu ya mlango. Akanipa kopo la chumvi, nikaongeza mwenyewe, nikapakua. Nikala mezani sahani nzima, mmoja kanikalia kushoto na mwingine kulia, na nilipoomba tena kidogo, binti yangu ndiye aliyeinuka kuniletea.

Lakini yule ni mtu wa hesabu. Kesho yake asubuhi, kabla ya kuchukua begi lake tupu kwenda kituoni, alilitundika gauni la kijani kwenye msumari juu ya cherehani. Alikuwa ameifumua mishono yote niliyoingiza, likawa pana kama lilivyokuwa siku ya harusi.

"Hili usiliguse," akasema. "Usiingize hata nukta. Utalivaa hivi hivi, lipwaye, watu waone. Mwisho wa mwezi nakuja kulitazama. Mwili ndio ulifuate gauni, siyo gauni lifuate mwili."

"Wateja watanicheka."

"Wacha wacheke. Wifi, unasikia?"

"Nasikia. Akilishikia mkasi nitakupigia."

Nililivaa. Kwa fundi ile ni adhabu, nasema kweli. Redio alilitazama ukumbini akauliza kama nimeliazima. Niliendelea na mazoezi, inuka, kaa, chupa za mchanga. Saa sita nyumbani nilikula kidogo na hakuna aliyenisimamia. Saa tisa sahani yangu ilikuwa inaningoja. Siku ambazo njaa haikuja nilikula yai na maharage bila ya njaa, kama mtu anayekunywa dawa, tena nikamaliza. Mkwe wangu akapanga wateja wake vingine, ikawa saa tisa anakuja nyumbani kwanza. Alisema anakuja kuhakikisha. Siku za mwanzo alikaa tu. Halafu akawa anajipakulia kidogo, kunipa moyo. Halafu akawa anajipakulia kabisa.

Mwisho wa mwezi binti yangu akaja. Hakuwa na begi kubwa, alikuwa na mkoba tu, nami nililiona hilo kabla hata hajanisalimia. Akanisimamisha dirishani, akageuza pindo, akapitisha kidole ubavuni. Hakukuwa na mshono mpya. Akalibana gauni kiunoni kwa vidole viwili.

"Bado linapwaya."

"Linapwaya kidogo kuliko lilivyopwaya."

Akalibana tena, akapima kwa jicho, mwanangu wa chini ya meza. "Kweli," akasema. "Basi kaa na cherehani yako. Nitakuja kulitazama tena." Kisha macho yake yakaenda juu ya meza, kwenye gauni jekundu nililokuwa nimelifumua ubavu. "Na hili nalo? Mbona unalifungua?"

"La wifi yako."

Mkwe wangu akatoa kichwa jikoni. "Mama, achia kidogo tu. Nitapungua."

Hayo nimeyasikia kwa wateja maisha yangu yote. Nikasema sawa, nikaachia mpaka mwisho wa kitambaa.